Kompresa ya Kuazima

Ukifika Nyasho ukauliza fundi wa kutoa AC, hakuna atakayehangaika kukutajia jina. Utaonyeshwa tu uwanja uliozungushiwa mabati, na ndani yake mtu mrefu mwenye ndevu fupi aliyeinamia boneti ya mtu. Huyo ndiye Hamduni. Anatengeneza breki pia, na gia, na maradhi mengine yote ya magari, lakini hayo hayakumpa sifa. Sifa yake imetokana na kutoa.

Na tuelewane mapema, maana wapo wanaodhani kutoa ni kazi nyepesi kuliko kuweka. Kwenye gari dogo kama IST kuna mkanda mmoja wa mpira unaozunguka ubavuni mwa injini. Mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, injini isichemke. Ndio unaozungusha jenereta, betri isife. Na ndio unaozungusha kompresa, ile pampu ya AC inayosukuma gesi ili watu wapate baridi. Kompresa ikichoka huanza kulia. Ukiiacha ilie, siku moja itakwama na kuukata mkanda, pampu ya maji itasimama, na wewe utakuwa umeegesha porini njia ya Bunda ukitafuta mtandao. Fundi mwingine atakuambia ununue kompresa nyingine. Hamduni yeye anaifungua na kuiweka pembeni, anatafuta mkanda mfupi, anaupitisha njia isiyogusa pale palipobaki pengo, na anahakikisha pampu ya maji bado inazunguka upande wake uleule, kwa sababu ukikosea hapo umepika injini. Kisha anafunga boneti, anafuta mikono na kusema: "Baridi ya nini, na ziwa lipo?"

Maneno hayo ameyasema kwa miaka mingi na watu wamemwamini. Madereva wa mchomoko, zile Probox zinazobeba abiria kwenda Bunda na Tarime, walipita mikononi mwake wote. Wakafuata walimu, wakafuata wauza samaki, akafuata padri mmoja ambaye sitamtaja. Maduka ya vipuri mjini yaliacha kabisa kuleta mkanda mrefu, kwa kuwa haukuwa na mnunuzi. Kompresa alizotoa zilirundikwa nyuma ya gereji, na kuku wa jirani walitagia katikati yake.

Gari la kwanza kabisa kutolewa kompresa lilikuwa lake mwenyewe, IST ya rangi ya fedha. Mlango wa dereva unafunguka ukiinuliwa kwanza, na breki zinataka kukanyagwa mara mbili, ya pili kwa imani. Hakuna mtu mwingine anayeweza kuliendesha gari hilo, na hakuna aliyewahi kuomba.

Sasa huyu Hamduni ana mke, na mke ana mama, na hapo ndipo habari yenyewe ilipo.

Mke wake anaitwa Nyangi, mzaliwa wa Butiama, kitongoji cha Mwitongo, nyumba ya Wakatoliki wakulima wa mihogo na mtama. Mama yake ni Jenoveva. Katika ukoo wa Jenoveva, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawali mmoja akimwona mwingine, na wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Hamduni, ambaye baba yake alikuwa fundi cherehani kutoka Tabora na mama yake Mjita wa pale Musoma, hakulelewa na mwiko huo. Alielezwa siku ya harusi, akakubali kwa moyo mkunjufu. Alidhani ni wa wiki mbili.

Tangu siku hiyo Hamduni alimwamkia mama mkwe kupitia ukuta wa jikoni. Yeye husema shikamoo nje, na ndani husikika sauti ikisema, "Nyangi, mwambie mkwe nimesikia." Watoto walizaliwa, binti yao Kudura akamaliza shule na kuolewa, na ukuta ulikuwa palepale.

Mwiko huo una mwisho wake, na hilo ndilo jambo lililomtesa. Mama mkwe akitaka humfungua mkwe: mbuzi anachinjwa, watu wanakula, na tangu hapo mnakaa pamoja kama watu. Amos, aliyemwoa mdogo wake Nyangi, alifunguliwa zamani sana, na siku hizi anaingia jikoni kwa Jenoveva na kufunua sufuria. Hamduni hakufunguliwa. Alingoja aitwe, hakuitwa, na taratibu akaelewa kwamba yule mama hakumtaka: kwa ajili ya dini, au kwa ajili ya grisi. Hakumwambia mtu. Lakini lilimuuma, na kila alipotoka Butiama alikuwa mkali kwa wateja siku nzima.

Basi Jenoveva akaanza kupotewa na macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Mwanzoni ilikuwa ya kuchekesha: asubuhi moja alimkaripia mbuzi aondoke mlangoni, na mbuzi huyo alikuwa ndoo. Baadaye akaweka kiganja kwenye chungu kilichokuwa motoni akidhani ni kifuniko, na hakuna aliyecheka tena. Ndipo ikatangazwa kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali kubwa ya Musoma, kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi, kisha wanaondoka, na hakuna anayejua watarudi lini. Nyangi akaenda Butiama kumbembeleza mama yake. Mama alikubali kupasuliwa upesi kuliko alivyokubali kusafiri.

Pikipiki ya mwanawe Isaya aliikataa. Alisema hajafikia umri wa kukumbatia mgongo wa mtu. Mchomoko aliukataa kwa kuwa wanakupakatisha watu usiowajua. Gari la kukodi ndilo alilolikataa kabisa, na hapo hakuna aliyembishia: mara ya mwisho kupanda gari la kukodi alikuwa anamleta marehemu mumewe kutoka hospitali hiyohiyo. Likabaki gari la mkwe, linaloendeshwa na mkwe tu.

"Litawekwa pazia," akasema Jenoveva. "Yeye mbele, sisi nyuma."

"Mama, wewe mwenyewe huoni," Nyangi akamwambia.

"Mimi sioni. Yeye anaona."

Jumatatu asubuhi Hamduni akafika Mwitongo. Alikuwa amefunga kamba kutoka mlango hadi mlango nyuma ya kiti chake, akaning'iniza kitenge cha maua na kukibana kwa vibanio vya nguo. Kioo cha kutazamia nyuma alikigeuza kikatazama dari. Akasimama nyuma ya nyumba mpaka mama mkwe alipoingizwa garini, kisha akaja na kukaa, akasema shikamoo kwenye usukani.

"Nyangi," ikasema sauti nyuma ya kitenge, "mwambie mkwe nimesikia."

"Amesema amesikia," akasema Nyangi.

Walikwenda vizuri mpaka gari lilipopata mwendo. Vioo vilikuwa wazi, kwa kuwa siku zote vilikuwa wazi, na ule upepo ambao Hamduni amewasifia watu maisha yake yote ukaingia ndani na kukibeba kitenge chote mpaka darini. Nyangi akapiga kelele. Jenoveva akajifunika kichwa kwa kanga. Hamduni akatazama mbele kwa nguvu zote akatafuta breki, mara ya kwanza, mara ya pili. Wakaongeza vibanio. Upepo ukavifyatua, kimoja kikampiga Nyangi sikioni. Hamduni akasema labda angekata ubao wa kuzibia katikati, na sauti nyuma ikasema mkwe aambiwe kwamba yeye siyo mbuzi wa mnada.

Basi wakafunga vioo.

Ilikuwa Februari, jua la kabla ya masika, gari lina watu watatu, kitenge kizito na mkungu wa ndizi wa kumshukuru daktari. Hawajafika Makutano, Jenoveva akatapika. Hamduni alisimama pembeni ya barabara, akashuka na kwenda kusimama mbali, amegeuka, anatazama shamba la mtu, huku mkewe akimpepea mama yake. Alisikia kila kitu.

"Mwambie mkwe anirudishe. Kama ni kufa, nifie kwangu, siyo ndani ya sufuria."

Alimrudisha. Jenoveva akaingia ndani na kufunga mlango, na akasema kupitia mlangoni kwamba macho aliyonayo yanatosha kwa muda uliobaki. Njia nzima ya kurudi Musoma Nyangi alilia bila kelele. Walipofika Nyasho akafuta uso, akasema, "Miaka yote unawatoleaga watu AC. Mama yangu atakuwa kipofu kwa sababu ya upepo." Hamduni alitaka kujibu kuhusu ziwa. Kwa bahati nzuri akanyamaza.

Usiku huo hakulala, na Jumanne asubuhi alikuwa nyuma ya gereji akifukuza kuku. Alizungusha kompresa moja moja kwa mkono. Zilizokwama zilikwama, zilizozunguka zilikoroma, na moja ilikuwa na yai ndani. Hakushangaa, maana kila moja alikuwa ameitoa yeye mwenyewe na kusema imekufa. Akaenda madukani kuulizia mkanda mrefu. Muuza duka wa kwanza akacheka. Wa pili akadhani anapimwa akili. Wa tatu akamjibu kwa heshima, "Fundi, mkanda mrefu nilikuwaga nao. Wewe ndiye uliyenifanya niache."

Katika Musoma nzima, Hamduni alijua IST moja tu ambayo AC yake ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa ya mzee Yusto.

Yusto ni afisa uvuvi mstaafu, anaishi Mwisenge, na anaendesha gari vioo vikiwa vimefungwa hata mvua ikinyesha. Walikuwa hawaelewani kwa miaka. Kila walipokutana kituo cha mafuta Hamduni aligonga kioo cha Yusto kumshauri atoe ile kompresa, inamnywea mafuta bure. Yusto aliteremsha kioo upana wa vidole viwili na kumjibu kupitia pale: "Siku ukisikia hii imekufa, uje na sanda, maana na mimi nitakuwa nimekufa." Kisha alipandisha kioo.

Jumanne mchana Hamduni alisimama uani kwa Yusto, kofia mkononi.

"Umekuja kunitolea kompresa," akasema Yusto.

"Ndiyo, mzee."

Yusto akamtazama kwa muda. Alikuwa ametania tu.

Hamduni akaeleza. Hakuficha kitu: mama mkwe, mwiko, kitenge, matapishi, Alhamisi. Yusto alisikiliza hadi mwisho bila kubadilika uso. Yeye mwenyewe ameoa Tarime, ana mama mkwe wake huko, na siku ya msiba mmoja alilazimika kuruka dirisha la jikoni kwa sababu yake, akiwa amevaa suti.

"Mkwe ni mkwe, mura," akasema mwishowe, akimwita kijana kama wanavyoitana kwa wakwe zake. "Ila gari siazimi. Gari hii nilimnyima hata mdogo wangu wa tumbo moja, na alikuwa anakwenda kuoa."

"Naomba kompresa tu, mzee. Na mkanda wake."

"Na mimi nitatembeaje?"

Hamduni alikohoa kidogo. "Nitakuwekea mkanda wangu mfupi. Nitaupitisha njia nyingine. Gari itatembea vizuri tu."

Kwa hiyo Hamduni akapata alichokitaka kwa miaka. Aliinama kwenye boneti ya Yusto, akalegeza mkanda, akafungua bolti moja moja, akaitoa ile kompresa. Ilikuwa safi, inazunguka kwa kidole kimoja, haina hata mlio. Hakuwa amewahi kutoa kompresa nzima maishani mwake. Aliishika kifuani akaona aibu, na mkanda mfupi aliufunga kwenye gari la Yusto bila kusema neno lake lolote la siku zote. Yusto aliteremsha vioo vyake vyote vinne, akakaa ndani ya gari, akatazama mbele kwa huzuni.

Kuweka kulimtesa zaidi. Mikono yake ilikuwa inajua njia fupi, na kila alipoushika mkanda mrefu ulikwenda wenyewe kule ulikozoea kwenda, ukaning'inia. Ilibidi arudi Mwisenge kumuuliza Yusto kama amewahi kuona ulivyopita. Yusto akasema yeye ni mtu wa samaki. Hamduni akarudi, akauvusha chini ya kompresa, akaupandisha kwenye pampu ya maji, akaukaza na kuuzungusha kwa mkono mpaka ukatulia. Jumatano alfajiri mkanda ulikuwa umekaa.

Gesi ilikuwa Bunda, kwa Muzamil.

Muzamil ni fundi wa friji, na miaka yote hiyo Hamduni aliwatangazia watu kwamba Muzamil anauza hewa. Sasa akaegesha mbele ya duka la Muzamil. Muzamil alitoka nje, akalitazama gari, akamtazama Hamduni, akarudi ndani kuvaa miwani, akatoka tena.

"Umepotea njia?"

"Nimekuja kujaza gesi."

"Gesi ya kupikia inauzwa ng'ambo ile."

"Ya AC, Muzamil."

Muzamil alifungua boneti. Midomo ya mabomba, ambayo Hamduni aliiziba kwa nailoni na mpira wa baiskeli siku alipotoa kompresa yake, ilikuwa bado ina mabaki ya uchafu kwa ndani. Muzamil aliita majirani wawili waje kuona. Aliyapuliza mabomba, akayasafisha, akaunga pale palipovuja, akavuta hewa yote, akajaza gesi, na kazi yote aliifanya taratibu mno. Alipomaliza akamwambia Hamduni awashe. Hamduni alitafuta swichi. Ilikuwa chini ya kibandiko cha timu ya mpira. Akabandua, akabonyeza, na kompresa ikashika kwa mlio mdogo, tik. Baridi ikaja.

"Ndiyo hiyo hewa ninayoiuza," akasema Muzamil.

Alhamisi, siku ya mwisho ya madaktari, Hamduni alikuwa Mwitongo kabla ya jogoo kuchoka. Nyangi aliingia kwa mama yake, wakakaa sana, na Hamduni akasubiri nyuma ya nyumba aking'ata kucha. Kama mama mkwe angekataa, basi ilikuwa basi. Mwishowe akasikia mlango wa gari, akaja, akakaa.

Vioo vikafungwa. Kitenge kikaning'inia kimetulia, hakikutikisika hata ua moja. Walipofika lami sauti ikasema, "Nyangi, mwambie mkwe kuna baridi."

Hamduni akapunguza.

"Mwambie mkwe sasa kuna joto."

Akaongeza. Wakaenda hivyo mpaka Musoma, baridi na joto, na Hamduni hakuchoka hata kidogo. Mbele ya hospitali sauti ikasema, "Mwambie mkwe tumefika salama," na Nyangi alipomwambia, Hamduni alijibu kwamba amesikia. Hiyo ya kufika salama ilikuwa sentensi tamu kuliko zote ambazo mama mkwe alishawahi kumtumia. Alikaa nayo nje ya hospitali siku nzima.

Walimpasua jicho la kulia jioni hiyo, akiwa mtu wa mwisho kwenye mstari, na akalazwa.

Ijumaa asubuhi Yusto akapiga simu. Hamduni alipoona jina akajua anadaiwa kompresa.

"Naileta leo jioni, mzee. Nikishamrudisha mama tu."

"Nani kasema uilete?" akauliza Yusto. "Nimekwenda sokoni na vioo wazi. Nimesalimiwa na watu mpaka nimechoka. Kuna mwanamke nilifanya naye kazi ofisi moja, alidhani nilishakufa. Usiharakishe."

Hospitali ilimwachia Jenoveva mchana. Nyangi alitoka kwanza, macho mekundu, akamweleza mumewe pembeni kwamba walipomfungua bandeji mama alimtazama muuguzi, akatazama ukuta, kisha akamtazama yeye, akasema, "Kumbe umenenepa," akaanza kulia, na muuguzi akamkataza kulia kwa ajili ya jicho. Hamduni alishukuru Mungu kwa sauti. Akaenda kuswali Ijumaa, akarudi, akageuza kioo kikatazama dari, akawapeleka.

Baridi ilikuwa nzuri. Kitenge kilitulia. Hamduni alikuwa anafikiri kwamba kesho mambo yatarudi ukutani, na kwamba si haba, mama wa watu anaona. Walipopita Makutano na kushika njia ya Butiama, sauti ikasema, "Nyangi, mwambie mkwe azime hiyo baridi."

Hamduni akazima kabla hajaambiwa.

"Mwambie afungue vioo."

"Mama," akasema Nyangi, "pazia litapepea."

"Najua linapepea. Jumatatu nilikuwemo."

"Mama, mwiko."

"Mwiko ni wangu, siyo wako. Nimekatwa jicho ili nije nitazame kitenge?"

Hamduni akashusha vioo. Upepo ukaingia, kitenge kikajaa, vibanio vikafyatuka upande mmoja, na yeye akakaza macho barabarani mpaka yakaanza kumwaga machozi, na haukuwa upepo tu.

"Geuza kioo," ikasema sauti.

Alingoja Nyangi amwambie. Nyangi hakusema kitu. Barabara ikapita kidogo, na ndipo Hamduni alipoelewa kwamba ameambiwa yeye. Akanyoosha mkono, akakishusha kioo kutoka darini.

Ndani yake lilikuwemo jicho moja jekundu lenye maji, linamtazama, na lingine jeupe bado. Lile jekundu lilimpitia taratibu, kipaji, ndevu, mabega.

"Umezeeka, baba," akasema Jenoveva.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nilikuwa na kijana mwembamba kichwani." Akatazama tena. "Mbona ulikataa kufunguliwa?"

"Nani alikataa, mama?"

"Amos aliomba. Mtoto wake wa kwanza hajatambaa, akaja na mbuzi, akapiga magoti pale nje. Na wewe nikakungoja. Kila ukija nakusikiliza ukutani, nasema leo ataomba. Shikamoo, basi, unakwenda zako. Nikasema labda dini yao haiwaruhusu kula kwetu."

Hamduni alikanyaga breki mara ya kwanza, mara ya pili, akasimamisha gari. Alishindwa kuongea na kuendesha kwa pamoja.

"Mama, mimi sikujuaga kama inaombwa," akasema. "Nilikuwa nangoja uniite."

Nyangi alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Injini ilikuwa inanguruma taratibu, na ule mkanda mrefu ulikuwa unazunguka njia yake yote, AC imezimwa.

"Nitaleta mbuzi kesho," akasema Hamduni.

"Mbuzi natoa mimi, mwiko nimeuvunja mimi. Wewe utachinja, ili na wewe ule bila wasiwasi." Akavuta kibanio kilichobaki, akakiteremsha kitenge, akakikunja, akakikalia. "Twende sasa, jua linatuacha."

Hamduni akaondoa gari. Mbele kidogo Jenoveva akatoa uso dirishani, akauliza ile nyumba ya bati jipya pale mlimani ni ya nani, na aliyemjibu alikuwa Hamduni.